Maneno Mia na Ishirini

Kila Jumapili usiku, mtoto akishalala,
nina haki ya maneno mia na ishirini.
Si mia na ishirini na moja.
Mwanaheri yuko chini ya bahari, bahari gani sijui,
na nyambizi yake hupokea, haijibu.
Mimi ni mdomo, yeye ni sikio,
miezi mitatu, mara nyingine minne na ushee.

Hapa Helensburgh mvua hunyesha kwa ubavu
kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango.
Nafua mashuka ya hoteli.
Kukunja shuka ni kazi ya watu wawili,
mmoja huku, mmoja kule, mnakutana katikati.
Mimi nalishikiza pembe moja kwa kidevu.

Ujumbe husomwa kwanza na ofisa wa nchi kavu,
kwa hiyo naandika Kiingereza,
na hapo ndipo ninapopunjwa.
Kwetu "nisingalikuacha" ni neno moja.
Kwao nalilipia sita.

Mara moja nilijaribu kumpenyezea ubeti:

    Taa zawaka nyumbani, nazo hazileti mwanga,
    Koti lako mlangoni, kila siku nalipanga,
    Mwana auliza lini, jibu langu naliunga,
    Toka huko kilindini, uje ujifunge kanga.

Ofisa akanipigia simu, kwa adabu kabisa:
Bwana, hiki ni kitu gani?
Nikamwambia ni orodha ya vyombo vya jikoni.
Hakucheka. Akasema, andika upya.

Wiki ya saba baba yake alifariki, Southampton,
kitini, redio ikiendelea kusoma matokeo ya mpira.
Nilimwosha kwa mikono yangu mwenyewe.
Nikarudi kwa treni, kutwa nzima,
saa yake ikitembea mfukoni mwangu
kama kitu ambacho hakijapewa taarifa.

Habari mbaya haziteremshwi kule.
Kuna fomu. Aliijaza hapa, meza hii hii,
kwa kalamu ya rangi ya Idarusi:
*likitokea lolote, niambiwe, nisiambiwe?*
Akatia alama penye *nisiambiwe*,
akapangusa unga vidoleni,
akaendelea kukunja sambusa za kugandisha.
Sikumuuliza kitu. Mafuta yalikuwa yameshapata moto.

Jumapili ile nikaandika:
Idarusi kang'oka jino la kwanza, kalimeza.
Paka wa jirani kazaa kwenye kapu letu la nguo.
Sambusa zimekwisha, imebaki pakiti moja
ambayo siigusi, kingo zake zina alama za kidole gumba chako.

Nikaandika: baba yako anakusalimu.
Nikafuta.
Nikaandika: baba yako hana maumivu tena.
Hiyo ilikuwa kweli, na ndiyo maana nikaifuta upesi zaidi.
Mke wangu si mjinga.

Kisha nikahesabu. Mia na kumi na sita.
Yamebaki manne.
Ningeweza kusema nakupenda, na chenji ingebaki.
Nilikaa nayo mpaka joto la nyumba likajizima lenyewe,
nikatuma bila kuyajaza.

Atayahesabu. Namjua,
huhesabu ngazi, huhesabu karafuu ndani ya pilau.
Kwenye kitanda chake chembamba kama rafu ya vitabu
atafika mia na kumi na sita, atarudi mwanzo,
atafika tena pale pale.
Hana wa kumuuliza.
Labda atajua.
Labda atasema, maskini, usingizi ulimchukua.

Saa ya mkwe wangu iko juu ya friji.
Ni ya kutiwa ufunguo, za zamani zile.
Naitia kila alfajiri kabla ya kwenda kwenye mashuka,
mizunguko kumi na miwili, polepole,
asije akarudi akaikuta imesimama.